Kilango cha paka katika nyumba ya vioo viwili: utoboe wapi?

Nilinunua kilango cha paka, yaani kijimlango kidogo anachokisukuma paka kuingia na kutoka, kabla ya kujua nitakiweka wapi. Kilikuwa kimeshushwa bei, nikaona nisikose. Kikakaa juu ya friji miezi minne, na Chausiku, paka wetu mweusi, akaendelea kukwangua mlango wa nyuma kila alfajiri mpaka mtu ashuke ngazi kumfungulia. Mlango wenyewe ni wa PVC, kioo tangu juu hadi chini, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi hapa Coventry. Nilipomwambia mama kwa simu kwamba natafuta fundi wa kumtobolea paka mlango, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani huko madirisha hamfungui, mwanangu?"

Kwetu Tanga dirisha la jikoni lina nondo na wavu uliochanika pembeni, paka anapita bila kuomba ruhusa. Uingereza nyumba imezibwa kila upande ili joto lisitoroke, na kila tundu unalolitoboa utalilipia kwanza kwa fundi, kisha kwenye bili ya gesi. Kwa hiyo suala kubwa si kilango gani ununue. Vilango vinafanana. Suala ni sehemu gani ya nyumba unakubali kuitoboa, na kama siku moja utaweza kuirudisha ilivyokuwa.

Njia nilizoziona ni nne: kuagiza kioo kipya chenye tundu, kuweka ubao wa plastiki mahali pa kioo, kukata mlango usio wa kioo, au kutoboa ukuta. Nilipima zote kwa maswali yaleyale.

Maswali yenyewe

La kwanza ni la umiliki. Kama nyumba ni ya kupanga, kila kitu kinaanzia kwa mwenye nyumba na kuishia kwenye amana yako. Sheria ya upangaji iliyopitishwa England mwaka 2025 inampa mpangaji haki ya kuomba kufuga mnyama, na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu ya maana. Lakini ruhusa ya kufuga paka si ruhusa ya kutoboa mlango. Hizo ni ruhusa mbili, na zote uzipate kwa maandishi.

La pili ni baridi na unyevu. La tatu ni usalama, na hapa namaanisha mwizi na pia kioo kinachoweza kumkata mtoto. La nne ni gharama, pamoja na nani atafanya kazi: wewe na msumeno wako, au fundi. La mwisho ni paka mwenyewe. Paka mzima na mwenye afya ataruka popote, lakini mzee au mnene anataka kizingiti kisichozidi kimo cha tumbo lake, yaani ukingo wa chini wa kilango uwe kama sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Usisahau upande wa nje pia, kwa sababu mara nyingi ardhi iko chini kuliko sakafu.

Kuhusu kilango chenyewe nitasema machache. Cha kawaida, kinachosukumwa na yeyote, ni rahisi sana, ila kitamkaribisha na paka wa jirani. Cha kusoma chipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya paka, hufungukia paka wako tu. England tangu tarehe 10 Juni 2024 kila paka wa kufugwa lazima awekewe chipu kabla ya kufikisha wiki 20, na asiyetii anaweza kutozwa faini hadi pauni 500, kwa hiyo huenda wako tayari anayo. Bei ya kilango hicho ni mara kadhaa ya kile cha kawaida na kinataka betri, lakini aliyewahi kumkuta paka mgeni amelala kwenye kochi lake hatauliza kwa nini.

Njia ya kwanza: kioo kipya chenye tundu

Nianze na kosa ambalo nusura nilifanye. Nilikuwa nimeshakopa drili. Fundi vioo niliyempigia simu kuulizia aliniambia: "Kaka, ukiigusa hiyo, utaifagia."

Kioo cha mlango wa aina hii ni vioo viwili, kila kimoja mara nyingi unene wa milimita 4, vimetenganishwa na utepe wa bati au plastiki unaozunguka ukingo wote. Katikati mna hewa kavu au gesi ya argoni, na ndani ya utepe kuna chembechembe za kunyonya unyevu. Vyote vimefungwa kiwandani. Ukitoboa, muhuri umekufa: hewa ya nje inaingia, unyevu unafuata, na baada ya muda kioo kinakuwa na ukungu wa ndani ambao hakuna kitambaa kinachoufikia.

Hata hivyo, kwenye mlango huenda usifike huko. Kanuni za ujenzi za England zinataka kioo cha usalama sehemu ambazo mtu anaweza kujigonga: kwenye milango na pembeni mwake hadi mita 1.5 kutoka sakafuni, na kwenye madirisha yaliyo chini ya sentimita 80. Aina inayotumika sana ni kioo kilichopashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapoozwa ghafla kwa upepo. Ugumu wake unatokana na mvutano uliofungiwa ndani yake. Ukikiuma kwa drili, mvutano huo unafunguka kwa mara moja na kioo chote kinakuwa chenga. Ndiyo kufagia alikosema fundi. Kwenye pembe ya kioo cha namna hii huwa kuna kijimuhuri kilichochapwa. Kabla hujawaza lolote, kitafute.

Kwa hiyo hakuna "kuweka kilango kwenye kioo ulichonacho." Kinachofanyika ni kuagiza kioo kingine cha ukubwa uleule. Kiwanda kinakata duara kwanza, kinapitisha kioo tanurini, kisha kinaunganisha vioo viwili kwa utepe wa ukingoni na utepe mwingine unaolizunguka tundu. Fundi anakuja kung'oa vibanzi vya PVC vinavyoshikilia kioo cha zamani, anakitoa, anakiweka kipya juu ya vipande vyake vidogo vya plastiki, anarudisha vibanzi. Kufunga kwenyewe hakuchukui muda. Kusubiri kiwanda ndiko kunakochosha.

Vipimo ndivyo vinavyoumiza watu. Kioo kilichokomazwa kwa moto hakipunguzwi hata milimita moja. Kikija kikubwa, ni cha kutupa. Unene pia lazima ulingane na fremu, na kwenye fremu za PVC mara nyingi ni milimita 24 au 28. Ukubwa wa tundu unatoka kwenye karatasi ya maelekezo ya kilango chako, siyo kichwani mwa fundi. Na upande! Mimi nilipima nikiwa bustanini, nikamwambia "tundu liwe kushoto." Yeye aliandika kushoto kwa mtu aliye ndani. Kioo kikaja na tundu upande wa sofa. Kukigeuza nyuma mbele hatukuweza, maana kioo kimoja kilikuwa na utando wa kuzuia joto lisitoke, na utando huo una upande wake. Nikalipia cha pili. Tangu siku hiyo nashauri ubandike karatasi ya duara kwenye kioo, upige picha ukiwa ndani, uandike juu yake "ndani," umtumie fundi.

Kuna wanaojitolea kukuwekea kioo kimoja chenye tundu badala ya viwili, kwa bei nafuu. Kioo kimoja hupoteza joto takriban mara mbili ya vioo viwili hata vya zamani, na Januari kitatoa jasho hadi zulia liloe. Kwenye kibanda cha bustani sawa. Sebuleni hapana.

Kwa upande wa kurudisha, njia hii ni ya heshima kuliko inavyodhaniwa. Fremu haiguswi. Kioo cha zamani kikitoka kizima, kifunge blanketi, kisimamishe stoo, na siku ya kuhama fundi anakirudisha kwa kazi ya muda mfupi. Kwa usalama, kioo kipya kina nguvu ileile, ila tundu likiwa karibu na kitasa usiache ufunguo kwenye kufuli. Mkono mrefu wenye fimbo unafika mbali. Mwanga unabaki. Gharama ni ya pauni mia kadhaa ukijumlisha kioo, kilango na kazi, na karibu yote ni ya fundi.

Je, kama kioo ulicho nacho ni cha dirisha na si cha mlango? Kazi ni ileile, lakini fikiria paka atatua wapi. Chini ya dirisha la jikoni la Mwingereza huwa kuna sinki. Paka akitoka kwenye matope atakanyaga bomba, kisha vyombo ulivyovianika, kisha meza ya kukatia mboga. Nje atahitaji rafu au ngazi. Tena ni afadhali kutumia kioo kisichofunguka. Kwenye bawa linalofunguka, kilango kimechomoza pande zote mbili na kinaweza kugonga bomba au ukuta kila ukifungua.

Njia hii inamfaa mwenye mlango au dirisha ambalo ni kioo kitupu, asiyetaka kupoteza mwanga, na mwenye uwezo wa kulipa mara moja.

Njia ya pili: ubao wa plastiki mahali pa kioo

Hii wengi hawaijui, na nashangaa kwa nini. Vibanzi vinavyoshika kioo vinaweza kushika chochote chenye unene uleule. Kwa hiyo unatoa kioo, unakihifadhi, na mahali pake unaweka ubao wa PVC wenye povu gumu katikati, ule unaouona sehemu ya chini ya milango mingi ya plastiki. Unauzwa ukiwa umekatwa kwa vipimo vyako, na tofauti na kioo, ukizidi kidogo unapunguzwa kwa msumeno. Tundu la kilango unalikata wewe mwenyewe mezani, ubao ukiwa umelala, kabla ya kuupachika. Ukikosea, umepoteza ubao wa bei ndogo, si kioo.

Kurudisha ni rahisi kuliko njia zote. Baridi haiongezeki kwa sababu ya ubao, maana povu linazuia joto vizuri. Kinachovuja ni kilango chenyewe. Kwa mwizi, ubao wa kawaida ni dhaifu kuliko kioo kigumu: teke zito linaweza kuusukuma. Zipo mbao zilizoimarishwa kwa ndani, ulizia hizo kwa mlango uliojificha nyuma ya nyumba. Ila kama zimeimarishwa kwa bati na kilango chako ni cha kusoma chipu, soma karatasi yake kwanza, kwa sababu chuma kinaweza kuvuruga usomaji.

Hasara kubwa ni giza. Mlango mzima ukigeuka ubao mweupe, jikoni panakuwa kama stoo. Dawa yake ni kumwomba fundi aweke kipau cha kugawa fremu, chini ubao, juu kioo kifupi kipya, lakini hapo gharama inaanza kuikaribia njia ya kwanza na ule wepesi wa kurudisha unapungua. Kwa dirisha dogo la pembeni, au kioo chembamba kando ya mlango, giza halina neno. Kioo cha pembeni kina faida nyingine pia: kinashuka hadi chini, paka hana haja ya kuruka.

Mpangaji aliyepewa ruhusa, na mtu ambaye hana hakika kama paka atakubali kutumia kilango, aanze kuangalia hapa.

Njia ya tatu: kukata mlango usio wa kioo

Kama sehemu ya chini ya mlango wako wa PVC tayari ni ubao, una bahati. Kazi ni ya saa mbili tatu kwa mtu aliyewahi kushika msumeno wa umeme: chora kiolezo, hakikisha kwa pima maji kwamba mstari umenyooka, toboa pembe nne, kata kwa meno madogo, sugua kingo, funga kilango bila kukaza skrubu kupita kiasi. Kata ubao tu. Fremu inayouzunguka ina chuma ndani na ndiyo inayoubeba mlango.

Watu husema njia hii hairudishiki. Si kweli kabisa. Ubao huo nao umeshikwa na vibanzi, na mpya unaweza kununuliwa siku ya kuhama. Kisichorudishika ni mlango wa kisasa uliotengenezwa kipande kimoja, wenye ngozi ngumu ya nje na povu au mbao ndani. Ukishaukata umeukata, na dhamana ya mtengenezaji inaweza kuondoka hapohapo. Mlango wa mbao uko katikati ya hiyo miwili: hukatika kirahisi, lakini kiraka kitaonekana daima.

Na kuna mlango ambao haukatwi kabisa: mlango wa kuzuia moto. Mlango wa kuingilia fleti, unaotazama korido ya jengo, na ule unaounganisha nyumba na gereji, kwa kawaida huwa umetengenezwa kustahimili moto kwa nusu saa. Tundu la paka linaufanya kuwa pambo. Hapo hata mwenye nyumba hana ruhusa ya kukupa.

Kuhusu baridi na mwizi, yale ya njia ya pili yanatosha. Gharama ndiyo ndogo kuliko zote ukifanya mwenyewe, na kimo huwa kinamfaa paka wa umri wowote.

Njia ya nne: kutoboa ukuta

Wengine huicheka hii, lakini kwa mwenye nyumba yake ina mantiki. Mlango na kioo vinabaki salama, na unachagua mahali: nyuma ya mashine ya kufulia, chini ya ngazi, popote pasipoonekana.

Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa baada ya miaka ya 1920 zina kuta mbili zenye uwazi katikati, na mara nyingi uwazi huo umejazwa vifaa vya kuzuia baridi. Jamaa yangu wa Birmingham alitoboa wa kwake, vidonge vya povu vikaanza kumwagika kama mchele kutoka gunia lililochanika. Ilibidi azibe kwa gazeti huku akimwita fundi. Uwazi ule upo ili maji ya mvua yasivuke kutoka ukuta wa nje kwenda wa ndani, kwa hiyo handaki la paka lazima liwe bomba zima lisilo na nafasi, limezibwa kwa silikoni pande zote na kuinamia nje kidogo. Bila hivyo utapata doa la unyevu ambalo rangi haitalificha. Pia usiguse ule utandazi wa kuzuia unyevu kupanda, ambao kwa kawaida uko sentimita 15 hivi juu ya ardhi. Tundu liwe juu yake. Na kabla ya yote, pitisha kifaa cha kutafuta nyaya na mabomba.

Gharama ni ya fundi mwenye drili ya kukata duara, bomba, na vumbi. Mwizi hana la kufanya na tundu hilo, kwani liko mbali na kufuli. Baridi inadhibitika, hasa ukiweka mlango pande zote mbili za handaki. Kurudisha maana yake ni matofali na plasta. Mpangaji asiiwaze, na mwenye nyumba iliyo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria apate kibali kwanza, kwa sababu kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai.

Kimo kinategemea utandazi ule, kwa hiyo paka mzee huenda akahitaji tofali la kukanyagia nje.

Sasa uchague vipi?

Unapanga, na mlango wa nyuma ni kioo kitupu: omba ruhusa mbili kwa maandishi, kisha linganisha ubao wa plastiki na kioo chenye tundu. Kama jikoni pana dirisha lingine la kuleta mwanga, ubao unatosha. Kama mlango huo ndio mwanga wenyewe, toa pesa ya kioo. Kwa vyovyote kioo cha zamani kisitupwe, na umweleze fundi hivyo kabla hajafungua vibanzi.

Nyumba ni yako na mlango una ubao chini: hakuna haja ya kumgusa fundi vioo. Kata ubao.

Nyumba ni yako, mlango ni mpya, wa kipande kimoja, na dhamana bado inaishi: ukuta, au kioo cha pembeni kama kipo.

Fleti ya chini yenye dirisha tu: kioo kipya kwenye sehemu isiyofunguka, chumba kisicho na sinki, rafu ndani na nje. Na usome mkataba wa jengo, maana mara nyingi fremu na madirisha ni ya mwenye jengo hata kama fleti umeinunua.

Fleti ya juu, au barabara kubwa mlangoni: beseni la mchanga na mti wa kukwangua. Paka wengi huishi maisha marefu bila kutoka.

Mtaa una mapaka wakorofi: tenga pesa ya kilango cha chipu kwanza, kisha iliyobaki ndiyo ikuamulie utoboe wapi.

Paka mzee au mwenye miguu mibovu: sahau madirisha. Chochote kilicho chini, hata kama kinagharimu zaidi.

Na kama hujui paka wako atakikubali, usilipe kitu bado. Kata tundu la kipimo hichohicho kwenye boksi la katoni, lifunge kwenye mlango wa chumba cha ndani, weka sahani ya samaki upande wa pili. Chausiku alilichungulia siku mbili nzima, akapita siku ya tatu usiku, tukiwa tumelala.